Michael Palin, ndugu yangu, na jahazi la kwenda Bombay

Wahariri, wiki hii mumeuliza ni mtu gani maarufu ambaye ulimbadilishia maoni baada ya kumtazama kwenye dokumentari ya safari. Majibu ya wenzangu nshayasoma, wengi wasema walimpenda fulani kwa sababu alikula ugali kwa mkono ama aliingia ngomani na wazee wa kijiji, na kwa hayo mimi sina la kusema, mbele ya kamera kila mtu aweza kula ugali. Langu latoka pembeni kidogo ya swali lenu. Mimi sijali huyo mtu aliipenda nchi gani wala alisifu chakula gani. Naangalia je, amsubiri mwenziwe amalize kusema? Mutaniwia radhi nikirefusha kwa sababu swali limenigusa pabaya.

Mtu mwenyewe ni Michael Palin, Muingereza, mzaliwa wa Sheffield mwaka 1943, yule wa kundi la vichekesho la Monty Python. Vijana wengi hawamjui, na wanaomjua wamjua kama mzee mpole wa safari, Sir Michael tangu 2019. Mimi sikumjua hivyo. Mimi nilimjua kwa filamu moja tu, A Fish Called Wanda, ya mwaka 1988. Humo yeye ni Ken, mwizi mwenye kigugumizi anayependa samaki wake wa kwenye tangi la kioo kuliko watu. Kuna pahala Ken ndiye ajuaye jina la hoteli ambayo almasi zimefichwa, wakili mmoja amesimama mbele yake ataka alitaje haraka, na jina halitoki. Laanza, lakwama, laanza tena, lakwama. Na watu wacheka. Kwa nafasi ile Palin alipewa BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza.

Sasa ndugu yangu anifuataye ana kigugumizi.

Kaseti ya filamu ile ililetwa mtaani kwetu, Mji wa Kale wa Mombasa, na mkubwa mmoja aliyekuwa na vidio, sebule ikajaa watoto mpaka mlangoni, na wengi wetu Kiingereza chenyewe ni cha kuokoteza, lakini mtu aliyekwama kwa neno huhitaji Kiingereza kumcheka. Tangu siku ile ndugu yangu akipita barazani watoto wamuambia, "Sema hoteli! Sema hoteli!" Iliendelea mpaka walioianza wakawa wakubwa, wakaja wadogo zao ambao hata filamu hawakuiona nao wakasema sema hoteli, hawajui yatoka wapi.

Na si utoto tu. Mtu mzima, ana kazi yake, apanda matatu ya Kisauni ashuka Kengeleni, na herufi ya K ndiyo adui yake mkubwa. Siku moja makanga amuuliza "wewe wapi", yeye ajua aendako, lipo ulimini, halitoki, makanga akampita akaendelea kudai nauli za wengine. Akashukia Bombolulu akarudi kwa miguu na jua lile la saa saba. Siku hizi hubisha paa la gari kwa sarafu, hasemi kitu. Lakini huyuhuyu muweke madrasa, mfungulie msahafu, asome kwa tajwidi, hakwami hata herufi moja, K na Q zote zapita kama hazijawahi kumsumbua. Mama alikuwa akimsomesha ile dua ya Nabii Musa, ya kuomba fundo la ulimi lifunguliwe, asubuhi kabla ya skuli na usiku kabla ya kulala. Hakuna aliyetuambia kuna wataalamu wa mambo haya. Tuliambiwa mwacheni ataacha akikua.

Kwa hivyo watoto wa mtaani niliwalaumu, lakini uso niliokuwa nauona mimi nikikumbuka mambo yale ulikuwa wa Palin. Nikiona jina lake gazetini nafunua ukurasa.

Halafu mpwa wangu akaja na laptopu. Ilikuwa usiku wa Ramadhani, watu washafuturu, wanaume washarudi taraweh, tumekaa ukumbini na kahawa, Ami alikuwepo. Huyu Ami ni ndugu yake baba, ujana wake wote alikuwa baharia wa majahazi, Bandari ya Kale kwenda Lamu, kwenda Kismayu, na mara nyengine mpaka Maskati, sasa magoti hayamuruhusu hata kupanda ngazi. Mpwa wangu akasema Ami, nimekupata jahazi, hebu tazama. Akaweka Around the World in 80 Days, ya BBC, ilionyeshwa 1989. Palin aliondoka London tarehe 25 Septemba 1988 kumfuata Phileas Fogg wa kitabu cha Jules Verne, azunguke dunia kwa siku 80 bila kupanda ndege. Mpwa wangu aliruka Ulaya yote, akaruka na Misri, akaenda moja kwa moja Dubai, pale Palin apanda jahazi kwenda Bombay.

Ndugu yangu ndiye aliyemtambua kwanza. Akanigusa goti. Mimi nikataka kusimama niondoke, Ami akasema kaa, twatazama chombo.

Jahazi lile ni la Wahindi wa Kachi, kule Gujarati. Msomaji wa Mji wa Kale hahitaji kuelezwa Kachi ni wapi, Wabadala wetu, ile jamii ya hapa Mombasa, asili yao ni huko, na majahazi ya Kachi na ya Uarabuni na ya Uajemi ndiyo yaliyokuwa yakija na Kaskazi na tende na mazulia na samaki wa chumvi, yakasubiri Kusi yarudi na boriti za Lamu. Ami alikuwa hamtazami Palin hata kidogo. Alikuwa aangalia kamba, aangalia sitaha, aangalia vile mabaharia wakanyaga. Akaona lile sanduku la mbao linaloning'inia nje ya tezi, bahari iko chini yako moja kwa moja, ndicho choo, akasema mgeni siku ya kwanza hujizuia, siku ya pili hulia, siku ya tatu huenda. Palin akaenda. Ami akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia jibu la sawa.

Kisha Ami akatuambia jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria. Alisema mgeni jahazini ni mzigo unaokula. Kamba hajui kuvuta, maji hajui kufua, usukani hapewi, akilala amelala pahala pa mtu, akiamka yuko njiani mwa mtu, na sufuria ni moja, jiko ni moja ndani ya sanduku la mchanga, akila yeye wengine wapungukiwa. Akasema kwenye meli kubwa abiria aingia chumbani afunga mlango, humjui ni nani. Jahazini hakuna mlango. Ataonekana akitapika, ataonekana akiogopa, ataonekana akiamka na uso wake wa asubuhi. Nao walikuwa pamoja karibu wiki nzima, wapite Ghuba, watoke mlango wa bahari wa Hormuz, na vita vya Iran na Iraq vilikuwa vimesimama mwezi wa Agosti tu mwaka ule. Ami akauliza kama walikuwa na redio. Mpwa wangu hakujua. Ami akasema Mola awasitiri, utadhani wako njiani mpaka leo.

Tumbo likamshika Palin humo. Alionekana amechoka, hana mzaha tena, yule mtu wa vichekesho kwisha. Hapo Ami akaanza kumtazama. Na mimi, kusema kweli, hapo ndipo nilipoacha kutafuta sababu ya kuondoka.

Basi kuna wakati Palin akaa na baharia mmoja mzee, mtu mkavu kwa jua, amuonyesha Walkman yake, ile mashine ndogo ya kusikilizia kaseti, amuwekea hedifoni masikioni, ndani mna nyimbo za Bruce Springsteen, muimbaji wa Kimarekani. Na mzee asikiliza. Wengine wameizoea sehemu ile, hukatwa vipande ikasambazwa, lakini sisi tulikuwa hatujaiona. Palin hakuanza kumueleza huyu ni nani, hakumuuliza waonaje, hakugeuka upande wa kamera kutafuta kicheko. Alimpa, akakaa. Uso wa mzee ukaanza kubadilika polepole, kwanza kama mtu aliyeshtuka, halafu macho, halafu kinywa, na Palin akawa amtazama tu, wala hasemi neno. Mpwa wangu akacheka. Ami akasema nyamaza.

Ndugu yangu usiku ule wote hakuwa amesema kitu. Akasema, "Huyu yuasubiri." Neno lile lilimchukua muda wake, na hakuna aliyemmalizia.

Nikamuuliza yuasubiri vipi. Akasema mpwa wangu arudishe nyuma, tukarudishwa mpaka mwanzo wa jahazi, tukaanza upya, Ami hakukataa. Na safari hii nikamtazama Palin kwa macho ya ndugu yangu. Mtu mwenye kigugumizi, kitu cha kwanza ajifunzacho duniani ni uso wa anayemsikiliza. Awajua wote. Awajua wanaotikisa kichwa upesi upesi ili umalize. Awajua wanaoinamia simu, kana kwamba wakusitiri. Awajua wanaofungua kinywa tayari kukumalizia, na mara nyingi wamalizia neno silo, na wewe kwa uchovu wakubali neno silo, wapewa sukari na ulitaka sabuni. Sasa mule jahazini mabaharia Kiingereza wana maneno machache, na Palin Kikachi hana. Mtu aanza kueleza jambo, atumia mikono, atafuta neno, halipo, anyamaza, aanza tena. Palin uso wake haubadiliki. Yuko palepale. Hamsaidii kwa kelele, hamrudii kwa sauti kubwa kama wafanyavyo watalii wetu wa ufuoni, wadhani ukipaza sauti Kiingereza kitaeleweka. Amngoja. Neno likija amelipokea, lisipokuja wacheka wote wawili kisha waendelea.

Na walipofika Bombay, kuagana kulimuuma, hilo laonekana wazi. Ami alisema wale watu walimpenda, mabaharia hawaagi mzigo namna ile.

Mimi sikulala mapema usiku ule, nikaingia kwenye simu mpaka daku. Ndipo nikajua kwamba baba yake Michael Palin, injinia, alikuwa na kigugumizi maishani mwake mwote, na kwamba alipomcheza Ken alimchukua kutoka kwa babake. Na kwamba mwaka 1993 kulifunguliwa London kituo cha watoto wenye kigugumizi chenye jina lake, Michael Palin Centre, na kwamba hilo lilitokana na filamu ileile. Waanzilishi wa kituo walimuendea, yeye akakubali jina lake litumike. Watoto wapelekwa pale wapata kusaidiwa, na wazazi wao wafundishwa jinsi ya kuwasikiliza.

Mungetaraji hapa niseme basi, nimemsamehe. Nikiandika haya nimegundua kwamba hapa ndipo hasira zilipopanda zaidi. Kama angekuwa hajui, ningesema hajui. Lakini alilelewa na mtu mwenye kigugumizi, alikula naye meza moja, ajua vile neno linavyokwama kwa mtu umpendaye na wewe hujui uangalie wapi. Halafu akalichukua lile, akalipeleka kwenye ukumbi wa watu wacheke. Mimi siwezi kumuiga ndugu yangu mbele ya watu, hata nipewe nini. Na zingatieni, filamu ile na safari ile zote ni za 1988. Dunia yacheka Ken kwenye masinema, na yeye yuko baharini asubiri mzee wa Kachi amalize kusikiliza wimbo. Ni mtu mmoja, mwaka mmoja. Nani niamini?

Ndugu yangu tulibishana kwa hili siku nyingi. Yeye asema mimi niliitazama filamu vibaya, kwa sababu mule mwenye kumcheka Ken ni Otto, yule jambazi mjinga anayejidhani msomi, na Otto ndiye anayedhalilishwa mwisho, Ken ampitia na gari la kushindilia barabara, na kigugumizi chake chatoka palepale. Asema filamu iko upande wa Ken. Mimi nikamuambia hiyo ndiyo sehemu niichukiayo kuliko zote, kwa sababu yafundisha watu kwamba kigugumizi ni hasira zilizokwama, ukilipiza kisasi wafunguka. Kama ni hivyo wewe ungekuwa wazungumza kama redio. Akacheka. Akasema kwake yeye kubwa ni moja, kwamba Ken ana akili, ana siri, ana mapenzi ya samaki zake, ni mtu kamili, na kabla ya hapo hakuwa amewahi kuona kwenye filamu mtu kama yeye ambaye hakuja kwa dakika mbili achekwe aondoke. Nikanyamaza, kwa sababu kigugumizi ni chake, si changu. Lakini sikukubali, na mpaka sasa sikubali. Yeye alikuwa ndani ya sema hoteli, mimi nilikuwa nje naangalia, na aliye nje huona mengine.

Kilichonigeuza hasa si safari ile ya kwanza. Ni ya pili. Mwaka 2008, miaka 20 baadaye, Palin alirudi kuwatafuta wale mabaharia. Alikwenda Kachi, mpaka Mandvi, ule mji wao wa kujenga majahazi, akawakuta baadhi yao. Hii nilimuonyesha Ami peke yake, mchana, kwake. Ami alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema katika maisha yake yote ya bahari aliwabeba watu wengi, wengine walilia kuagana, wengine walitoa anwani, wengine walisema nitakuja nikuone, Insha'Allah, na hakuna hata mmoja aliyerudi Bandari ya Kale kumuulizia. Hakulisema kwa uchungu. Alikuwa aeleza tu desturi ya abiria.

Sasa nnajua mutaniambia nini, na mwenyewe nshajiambia. BBC ndiyo iliyolipa tiketi. Kamera ilikuwepo mara zote mbili, na mtu akijua arekodiwa huwa mpole. Kuna mtu amekaa chumbani huko London amekata na kuunga, na huenda ule usubirifu wote ni wa mkataji, yeye ndiye aliyeamua tuone dakika ya mzee na hedifoni, tusione saa ambayo Palin alimfokea mtu. Na hata kama hakumfokea mtu, yeye alishuka Bombay akaendelea na dunia yake, mabaharia wakapakua, wakapakia, wakarudi Dubai kwa mshahara wa baharia. Kustahimili wiki moja wajua itaisha si sawa na kustahimili maisha. Hayo yote nayakubali.

Lakini uso wa kumsubiri mtu haukatwi na kuungwa kirahisi. Mimi nimeishi na ndugu yangu tangu azaliwe, nimeona nyuso za makarani, za madaktari, za wakwe, za maimamu, watu wazuri kabisa, na dakika ile ya kusubiri huwashinda. Ule uso nimeuona kwa watu wachache sana. Mama alikuwa nao. Na huyu mtu, nadhani, aliupata mezani kwa babake, hakuupatia skuli ya uigizaji.

Kwa hivyo ile filamu siitazami na haiingii nyumbani kwangu wakati watoto ni wadogo, hilo sibadilishi, na ndugu yangu akitaka aitazame kwake. Palin mwenyewe akija kesho barazani kwetu nitampisha akae, na kahawa nitamtilia mimi. Sharti nikae na ndugu yangu upande huu na yeye upande ule, na ndugu yangu ndiye aanze kuzungumza.

Na ombi moja kwa wahariri, kama nafasi ipo. Mumetuuliza sisi watazamaji maoni yetu juu ya wasafiri, na sisi tuliwaona kwa kioo tu. Hapa Mombasa ziko familia zenye jamaa Mandvi mpaka leo, hupigiana simu, huoana. Kama yuko Mbadala anayesoma hapa ambaye mjomba wake ama babu yake alikuwa ndani ya jahazi lile la 1988, ama amjua aliyekuwepo, tafadhali aandike. Huyo ndiye nitakayeamini kama Palin alikuwa asubiri hata kamera ikizimwa, na akisema hapana, nitaandika tena hapahapa.